Mikono ya Watoto wa Bujiku

Jumatatu, 27 Novemba 2023
Nesi Sabina wa kliniki ya sikoseli amenipa kazi. Anasema kila akiniuliza Amna aliumwa lini, wapi, na hali ya hewa ilikuwaje, namjibu "juzijuzi tu", na daktari hawezi kutibu juzijuzi. Sabina ni Mhehe wa Kilolo, hazungushi maneno. Nimenunua kauntabuku. Nitaandika tarehe, maumivu, dawa, na mvua kama ipo. Mvua ipo. Mwanjelwa yote, hapa Mbeya, ni matope.

Niandike kabisa, kwa atakayelisoma nisipokuwepo. Amna ni binti yangu, ana miaka kumi na mitano, amemaliza mtihani wa kidato cha pili. Ana sikoseli tangu kuzaliwa. Damu yake ikipata baridi, ikikosa maji au akichoka, chembe zake hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Panapokwama ndipo panapouma. Mimi ni Mwanaidi, nashona sare za shule kibandani sokoni. Baba yake, Bujiku, analima mpunga Igawa. Tumeachana miaka sita.

28 Novemba
Hakuna maumivu. Mvua asubuhi.

29 Novemba
Hakuna. Mvua.

Jumapili, 3 Desemba
Goti la kushoto, tangu alfajiri hadi saa nne. Maji ya uvuguvugu, dawa ya maumivu, soksi jozi mbili. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni.

Alhamisi, 7 Desemba
Hakuna maumivu, lakini macho yana umanjano. Amna kauliza kama baba yake atapiga simu sikukuu. Nimemwambia sijui. Hilo ndilo jibu ninalompa siku zote na wala si uongo.

Bujiku ni Msukuma. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu, huko Igawa, na ng'ombe kabla hajazaliwa. Mimi babu zangu walitoka Kilwa kufanya biashara wakabaki huku kwenye baridi. Bujiku alisilimu ndipo tukaoana. Msikitini aliitwa Ibrahimu, ila kwao hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Amna alipokuwa na miezi minane vidole vilimvimba, mikono na miguu, akalia siku tatu. Walimpima hospitali, wakanipima na mimi, wakasema mtoto amechukua kwa baba na kwa mama. Bujiku hakutaka kupimwa. Mama yake, Bibi Minza, ndiye aliyesema kwa niaba yake. Ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huo. Hiyo ni damu ya pwani. Alilisema hilo jikoni, kwenye harusi, hata msibani kwetu, mpaka nikaanza kuitazama mikono yangu mwenyewe kama kitu kibaya nilicholeta nyumbani kwa watu. Mwishowe Bujiku alirudi Igawa, akatoa talaka kwa barua, akaoa. Kila baada ya mavuno huweka gunia la mchele kwenye basi. Haandiki neno juu yake.

9 Desemba
Hakuna.

15 Desemba
Hakuna. Nimeshona sketi tisa. Mgongo wangu.

Jumatatu, 1 Januari 2024
Mwaka umeanza na mvua. Hakupiga simu.

8 Januari
Shule zimefunguliwa. Wazazi wanagombania sare kibandani kana kwamba Januari imewajia ghafla. Amna kaingia kidato cha tatu. Nimeongea na mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Rabson, kwamba asipigishwe magoti wala kukimbizwa mchakamchaka kwenye manyunyu. Kaniambia ataliangalia. Uso wake unasema amechoka na wazazi.

Jumatatu, 22 Januari
Tulikuwa wodini siku tano.

Jumatano mchana niliitwa shuleni. Asubuhi walikuwa wamesimama mstarini kwenye mvua wakisubiri mgeni wa wilaya. Niliposhuka pale nilimkuta Amna kalala kwenye benchi la ofisi ya walimu, kafunikwa koti kubwa la kiume. Lilikuwa koti la Mwalimu Rabson. Yeye alikuwa kasimama na shati lililolowa, akimshikia kikombe cha maji. Kumbe alikuwa amemtoa mstarini kwa ugomvi na mkuu wa shule, ila alichelewa. Nilimfikiria vibaya yule kijana.

Maumivu yalianzia mapajani yakapanda kifuani. Wauguzi walimtundikia maji, wakampa hewa na dawa ile nzito ya sindano, na siku ya pili wakamwongezea damu. Amna hapigi kelele. Anang'ata kona ya kanga yangu. Sasa kona zote za kanga zangu zina matundu. Katikati ya usingizi wa dawa aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, ukichoka unaweza kwenda nyumbani." Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda mpaka uso wangu ukakaa sawa.

Nilimpigia Bujiku mara nne. Iliita tu. Nikaacha.

30 Januari
Kliniki. Daktari Gideoni kasoma kauntabuku hili kurasa zote. Nikaona aibu kwa yale ya Desemba, akasema niendelee hivyohivyo. Ameongeza kipimo cha vidonge vya haidroksiyurea, vile vya kupunguza maumivu kurudi.

2 Februari
Hakuna maumivu.

6 Februari
Hakuna. Jua kidogo.

Jumanne, 13 Februari
Leo saa sita kaja mwanamke kibandani, mtoto mgongoni, miguu ina tope jeusi la majaruba ya mpunga. Nikadhani anataka sare. Akauliza, "Wewe ndiye Mama Amna?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Dada, mimi ni Roza. Wa kwa Bujiku."

Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa.

Hakungoja nimkaribishe. Alimfungua mtoto, wa kiume, miezi tisa, jina lake Ezekia, akamweka juu ya meza yangu kwenye mabaki ya vitambaa. Akainua mkono wake mmoja kwa kidole chake kimoja, kwa tahadhari, kama mtu anayeinua kitu cha moto. Vidole vilikuwa vimevimba vikang'aa. Na miguu hivyohivyo.

Roza alinisimulia. Mwezi uliopita mtoto alivimba hivyohivyo wiki nzima, zahanati wakampa dawa ya malaria, ikatulia. Sasa imerudi. Bibi Minza anampaka mafuta ya ng'ombe na kumfunga majani. Na Bujiku, mara ile ya kwanza, aliingia ndani, akaiona mikono ya mtoto, hakuuliza kitu, akatoka na kukaa shambani siku mbili. Roza hakuelewa mpaka jirani mmoja alipomnong'oneza kwamba mtoto wa mke wa kwanza alianza vivyo hivyo. Basi leo amewaambia anakuja Mbeya kununua sandarusi za kuwekea mpunga.

Nikahesabu wiki. Ni wiki ileile niliyompigia simu kutoka wodini.

Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu: kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Miaka kumi na tano nimebeba neno la Bibi Minza, na leo ushahidi wangu umeletwa mezani kwangu, unalia. Furaha hiyo ilidumu labda muda wa kukata uzi. Kisha mtoto akageuza shingo kunitazama, na macho ni ya Amna.

Nikachemsha maji, nikamkanda. Wamelala kwangu. Amna kamwachia Roza kitanda.

Jumatano, 14 Februari
Amna hana maumivu. Mvua kubwa.

Nimewapeleka kliniki. Ezekia ana sikoseli. Roza ni mbebaji, kama mimi: ana nusu ya ugonjwa kwenye damu yake na mwenyewe haumwi. Aliuliza kama mume wake naye lazima apimwe ndipo ijulikane. Daktari Gideoni akamwambia, "Kwa kujua tu, hapana. Mtoto ameshatuambia."

Roza hakulia. Alilia baadaye kibandani, kwa sababu ya jambo ambalo mimi nilikuwa nimelitazamia. Akirudi Igawa na jibu hili, Bibi Minza atasema na huyu naye ameleta damu mbaya. Amesikia mimi nilivyoachwa. Ana miaka ishirini na mitatu, kwao ni mbali, na mtoto mgonjwa.

Nikaona heri aondoke anaelewa, kuliko mimi nilivyokaa miaka sielewi. Nikachukua vikombe viwili. Kila kikombe nikatia kifungo kimoja cheupe cha shati na kimoja cheusi cha sketi.

"Hiki Bujiku, hiki wewe," nikamwambia. "Cheusi ndio ugonjwa. Nyote wawili mna kimoja kimoja tu, ndiyo maana hamuumwi. Mkipata mimba, mtoto anachukua kifungo kimoja huku na kimoja huku. Hakuna anayechagua."

Tulichota bila kutazama. Vyeupe viwili, mtoto hana kitu. Cheupe na cheusi, mbebaji, mzima kama sisi. Mara ya tano vikatoka vyeusi viwili. Amna, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimbembeleza Ezekia, akasema, "Huyo ni mimi."

Roza alivigusa kimoja kimoja kwa kidole. Kisha uso wake ukafunguka kidogo. "Daktari kasema mmoja kati ya wanne," akasema. "Ezekia ndiye huyo mmoja. Basi watatu wanaokuja watakuwa wazima."

Niliweka mkasi chini. Maneno hayohayo nilimwambia Bujiku, kitandani, Amna akiwa na miaka minne. Sikudanganywa na mtu, niliambiwa vizuri, nikasikia nilichotaka. Tukamzaa Mwanakhamisi kwa raha, tukijua deni la ugonjwa limeshalipwa na dada yake. Sikumpima. Ya nini? Alipovimba mikono nikasema ni mbu. Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu homa ilimshika asubuhi, na jioni tukamzika.

Nilimweleza Roza hayo yote. Amna alikuwa hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Kisha nikavirudisha vifungo, kila kimoja kwenye kikombe chake.

"Kila mimba vinarudi hivi," nikasema. "Vikombe havikumbuki aliyetangulia."

15 Februari
Roza ameondoka na dawa za mtoto. Ameomba niende Igawa kuwaeleza. Nimekataa. Nimechoka kujieleza kwenye ua ule.

20 Februari
Hakuna maumivu. Amna haongei sana. Anauliza Mwanakhamisi alikuwa anapenda nini. Nimemwambia alikuwa anapenda mlio wa cherehani.

25 Februari
Kiuno, saa mbili hivi. Maji, dawa. Mvua haijakata siku sita.

Jumamosi, 2 Machi
Roza kapiga simu akiwa mtoni, nasikia maji nyuma yake. Bibi Minza amemwambia afungashe baada ya mavuno. Bujiku yuko kimya. Roza anampa mtoto dawa kwa kuficha.

Nimesema pole. Amna alikuwa anasikiliza. Nilipoweka simu kaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa na nani wa kukusemea?" Nikamwambia sikuwa na mtu. Akarudi kwenye vitabu vyake. Swali lake limebaki kwangu.

12 Machi
Ramadhani imeanza. Mvua.

14 Machi
Hakuna maumivu. Hafungi, daktari kamkataza. Mimi nafunga.

Jumapili, 17 Machi
Jana nilikwenda Igawa. Dada Asukile, jirani yangu, alikaa na Amna.

Barabara kuu ilikuwa sawa. Kutoka lami kwenda kwao nilitembea kwa miguu, viatu mkononi, katikati ya mpunga uliofika kiunoni. Nilimkuta Bibi Minza barazani, Bujiku anatengeneza jembe la kukokotwa, Roza jikoni. Nikamwambia bibi shikamoo mama, akaitikia. Amezeeka kuliko nilivyotaka. Roza alileta maji, nikasema nimefunga, na nikaona bibi ameinamisha macho, akidhani nimekataa kwa hasira.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya miaka kumi na tano. Nilipokaa pale niliona sina nguvu nayo. Nikasema machache tu. Kwamba Amna yuko hai kwa sababu anatibiwa. Kwamba Mwanakhamisi hakutibiwa kwa sababu tulikuwa tunabishana damu ni ya nani. Kwamba Bujiku amezaa na wanawake wawili, mmoja asili yake pwani, mwingine Msukuma mwenzao, na watoto wamevimba mikono ileile.

Bujiku hakuinua kichwa. Bibi Minza akamwambia Roza amlete mtoto. Akampakata, akakishika kiganja chake. Uvimbe umekwisha, kimekuwa kiganja cha kawaida. Alikishika muda mrefu sana, mpaka nikadhani mazungumzo yameisha na nikaanza kuvaa viatu.

"Walikuwa wawili," akasema. "Huko Magu, kabla hatujahama. Walianza mikono."

Alikifunga kiganja cha mtoto ndani ya chake.

"Mume wangu alisema nikizaa mwingine wa namna hiyo nirudi kwetu. Tukahamia huku, nikazaa mzima. Nikasema imebaki Magu." Akamwelekea mwanawe. "Wa pili ndiye aliyeitwa Bujiku. Wewe nilikupa jina la marehemu."

Bujiku alisimama. Alisimama tu, nyundo mkononi, kisha akatembea kuelekea majarubani, na Roza hakumwita.

Nilimtazama yule mama. Nilimchukia muda mrefu hata chuki ikawa kama kazi ya pili baada ya cherehani. Na alikuwa anajua. Alipoiona mikono ya Amna alijua upesi kuliko daktari yeyote, akanitupia mimi lawama, kwa sababu aliwahi kusimama pale nilipokuwa nimesimama na alijua kinachofuata. Sijamsamehe. Lakini nilimwona msichana ndani yake, na mimba, anahesabu miezi kwa woga, na hilo siwezi kuliondoa machoni.

Alinisindikiza mpaka ukingo wa shamba. Hakuniomba radhi. Aliniuliza Amna anakula nini, na kama baridi ya Mbeya haimuumizi. Nikamwambia inamuumiza. Akasema, "Roza habanduki hapa." Basi.

18 Machi
Hakuna maumivu. Nimelala mchana wote, sijafungua kibanda.

28 Machi
Mkono wa kulia, nusu siku. Shule wamefunga kwa Pasaka.

Jumatano, 10 Aprili
Idd. Amna kavaa gauni la kijani. Tulikula pilau wawili. Kaniuliza yeye akija kuolewa itakuwaje. Nikamweleza ilivyo: yeye ana vyeusi viwili, kila mtoto atachukua kimoja kwake, haikwepeki. Akimpata mwanamume asiyebeba, watoto wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayeumwa. Akimpata mbebaji, kila mimba ni nusu kwa nusu. Akachota pilau. Kisha akasema, "Kwa hiyo nitamwuliza majibu yake kabla ya jina lake." Tulicheka. Halafu akaacha kucheka kabla yangu.

Alhamisi, 18 Aprili
Mvua zinaelekea ukingoni. Amna hana maumivu siku ya ishirini na moja leo.

Jana ilikuwa siku ya kliniki. Tulipofika tuliwakuta Roza na Bujiku kwenye benchi. Bujiku ndiye aliyempakata Ezekia. Amekonda. Amna alimwamkia, akakaa mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Walikuwa hawajaonana miaka mitatu.

Nesi Sabina alipomwita Ezekia, Bujiku alimpa Roza mtoto, akanyoosha mkono wake mwenyewe. Akasema anataka kupimwa. Sabina akamweleza kwamba hakuna haja, majibu yake yanajulikana kutokana na watoto. Akasema anaelewa. Anataka kupimwa.

Wakati wa kungoja, Amna alimwuliza bila kumtazama, "Baba, ulikuwa unajua?"

Nilitaka kuingilia. Bujiku akatikisa kichwa nisiseme.

"Ya bibi yako sikujua," akasema. "Ila hospitali walituambia ni ya wote wawili, ukiwa mdogo, na nilisikia. Nilipoona mikono ya Mwanakhamisi nilijua hawakutudanganya. Nikaona ni rahisi kuondoka kuliko kusema."

Amna alichezea kamba ya mfuko wake. Nilikuwa nimeisubiri sentensi ile miaka yote, na ilipokuja ilikuwa ndogo, imechoka kama sisi.

Jibu lilitoka kwenye karatasi yenye jina lake kamili: Ibrahimu Bujiku, mbebaji. Aliisoma polepole, mdomo ukitembea. Nilidhani ataiweka mfukoni. Akasogea ile nafasi ya mtu mmoja, akampa Amna.

"Ikae kwako," akasema. "Mtu asije akakuambia ni ya mama yako peke yake."

Amna aliisoma mara mbili. Akaikunja, akanigeukia, akauliza kama karatasi yangu ipo. Nikamwambia ipo, nyumbani, kwenye mfuko pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

"Nitaziweka pamoja," akasema.